Mwenyekiti Aliyeibwa

Ilipofika katikati ya Mei mwaka ule wa 1912, hapakuwa na mwanafunzi wa darasa la mwisho pale sekondari ya Tarkett, mji mdogo wa wakulima, aliyeweza kutulia kitini. Mahindi yalikuwa yameshachomoza mashambani, madirisha ya shule yalikuwa wazi, na kila upepo ulipopita uliingiza harufu ya udongo uliolimwa mpaka juu ya vitabu vya Kilatini. Wote walikuwa wakichungulia nje. Ila aliyesumbuka kuliko wenzake ni Hulda Brandvold, makamu mwenyekiti wa darasa, binti mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu, ambaye siku hizo alikuwa akianza jambo moja na kuliacha kabla hajalimaliza: anafungua kitabu, anakifunga, anakwenda kunywa maji, anarudi bila kunywa.

Hulda alikuwa wa shambani. Mama yake alifariki wakati wa theluji mwaka juzi, akamwacha yeye, baba, na kaka yake Tollef. Siku za shule alikaa mjini kwa shangazi yake Gunhild; Jumamosi na Jumapili alirudi nyumbani kuoka mikate ya wiki nzima na kufua. Shule ikiisha, angerudi moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba jioni ng'ombe watakamuliwa. Mwalimu wa Kilatini alikuwa amemwambia mara mbili kuhusu chuo cha ualimu kule Cedar Falls, na mara zote mbili Hulda alijibu, "Nitafikiri," akatoka mbio kana kwamba ameitwa.

Mila za darasa la mwisho ndizo zilizowashika wote wasilipuke. Ngazi za mawe za mbele ya shule zilikuwa zao peke yao. Mwanafunzi wa darasa jingine akizikanyaga anatumbukizwa kwenye birika la kunyweshea farasi. Rangi zao, kijani na maziwa, zilining'inia juu ya mlango wa ukumbi. Na mila kubwa kuliko zote ilikuwa karamu ya kuagana. Siku hiyo darasa la tatu, wale wanaowafuata kwa mwaka mmoja, huwa na haki ya kumwiba mwenyekiti wa darasa la mwisho. Wakifanikiwa kumficha mpaka sahani za nyama ziondolewe mezani, aiskrimu yote ya karamu ni yao, na kwenye kiti cha mwenyekiti huwekwa kabichi. Mwaka uliotangulia mwenyekiti alikutwa amefungwa ndani ya banda la kuku, na mpaka anaondoka mjini watu walimwita Jogoo.

Mwenyekiti wa mwaka huu alikuwa Lyle Ostrander, mtoto wa pekee wa mwenye duka la mbao na misumari. Kijana wa maneno mengi, mcheshi, anayependwa mpaka na walimu aliowakera. Alhamisi mchana alikuwa amejinyoosha kwenye zile ngazi, kofia usoni, walinzi wake wanne wamemzunguka, na Hulda ameegemea nguzo, darasa la tatu lilipopita likiongozwa na Fritz Maddock, kijana mwenye mabega kama mlango wa ghala.

"Lyle!" Fritz akaita. "Umeshapima kimo chako? Tunatafuta gunia la saizi yako!"

"Tafuteni kwanza la kuziba mdomo wako," Lyle akajibu bila kutoa kofia. "Likipatikana mtanishonea na mimi."

Walinzi wakacheka. Wa darasa la tatu nao wakacheka, maana kwa Lyle ilikuwa vigumu kununa. Kisha Lyle akaketi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Nawajua hawa. Watanitia kwenye stoo ya viazi ya mama yake Fritz, kama walivyofanya kaka zao. Hata siku moja hawatawaza kwamba kile kiwanda cha siagi kilichofungwa kule Sutter hakina mtu wala mbwa. Akili hiyo hawana!"

Fritz alitazama chini, akaendelea kutembea, ila polepole zaidi.

"Mbona unawafundisha?" Hulda akauliza.

"Utani tu, Hulda. Wewe siku hizi hata kucheka unaona kazi."

Jioni ile ilikuwa zamu ya Hulda na Edwin Pyle kumsindikiza Lyle nyumbani. Edwin, mpole na mwenye miwani, alitangulia mbele kukagua pembe za njia kama askari. Walipofika mbele ya duka la Bwana Ostrander, Lyle akasimama. Juu ya mlango palikuwa na ubao mpya, rangi yake bado inang'aa: OSTRANDER NA MWANAWE.

"Umewekwa lini?" Hulda akauliza.

"Jumanne. Niliuona nikitoka shule, kama walivyouona wengine wote." Lyle aliuangalia ubao huo jinsi mtu anavyoangalia picha yake iliyotoka vibaya. "Hata rangi hawakuniuliza."

"Ni duka zuri, Lyle."

"Zuri sana. Hapo ndipo penye tabu. Lingekuwa bovu ningejua la kumwambia baba."

Hulda hakupenda maneno yale. Yalimwingia mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa hajathubutu kuingia. Akaharakisha mwendo, akamwacha Lyle nyuma, mpaka Edwin akageuka na kupiga kelele: "Hulda! Wewe ni mlinzi, si mtoro!"

Jumamosi, siku ya karamu, wasichana walikuwa kwenye ukumbi wa kanisa la Methodisti wakitandika meza. Hulda alikuwa amepanga uma za meza moja mara tatu. Irma Vance, katibu wa darasa, akamnyang'anya kikapu.

"Shoga, kaa chini. Unanitia kizunguzungu."

"Siwezi kukaa."

"Basi simama, lakini simama sehemu moja!"

Hapo hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Edwin akaingia, miwani imekaa upande. "Wamemchukua! Kwa kinyozi! Alituambia tumsubiri kwa shangazi yako, kumbe yuko kwa kinyozi peke yake!"

Walipofika pale, Bwana Sprague kinyozi alikuwa bado amesimama mlangoni, wembe mkononi. "Nimenyoa nusu!" akawa anamwambia kila apitaye. "Nusu ya uso bado ina povu! Wamemtoa na kitambaa changu shingoni, wakamtupa kwenye gari la nyasi, naye anacheka!"

Vijana wa darasa la mwisho walikuwa wameshatawanyika na baiskeli, wengine kwenye stoo ya viazi, wengine mtoni. Hulda hakuwafuata. Fritz Maddock alikuwa na nguvu, lakini si mtu wa kubuni. Akipewa wazo hulibeba mpaka mwisho. Hulda akaenda kwa shangazi Gunhild, akamfunga farasi kwenye kigari, akampakia Edwin, wakashika njia ya Sutter.

Njia ilipita katikati ya mashamba, imenyooka mpaka macho yanachoka. Edwin alikuwa akipanga kwa furaha jinsi watakavyomfungua mwenyekiti. Hulda alimwacha aseme. Kila gurudumu lilivyozunguka, swali moja lilimrudia: Lyle si mjinga, kwa nini basi alisema vile kwa sauti kubwa vile? Na kwa nini awafukuze walinzi wake siku yenyewe? Sutter hapakuwa na kitu siku hizi. Palikuwa na kiwanda kilichokufa, nyumba chache, na stesheni ambapo treni za kwenda magharibi husimama kuchukua maji.

Akampiga farasi mjeledi. Edwin akashtuka, maana Hulda hakuwa na desturi ya kupiga wanyama.

Mbele ya kiwanda walimkuta Fritz na wenzake watatu. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyezomea. Fritz alikuwa ameloa mpaka kiunoni na uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Hayupo, Hulda," akasema. "Naapa hayupo."

"Mmemfanya nini?"

"Hatukumfanya kitu! Hata kamba hatukumfunga. Alipanda gari mwenyewe, akatuimbia njia nzima. Tulipofika akasema anakwenda chooni. Tukamwacha aende, si ni mtu mzima? Tumengoja, tumengoja." Akaonyesha suruali yake iliyoloa. "Nimeingia kijitoni. Nimechungulia kisimani. Kile kisima hakina kifuniko, Hulda. Nimeita, nimeita."

Hulda alikuwa hajawahi kumwona Fritz Maddock akiogopa, na hakupenda kumwona hivyo.

"Edwin, kaa na hawa, tafuteni kwenye miti kule nyuma," akasema. "Mimi nakuja."

Akakata shamba kwa miguu kuelekea stesheni, gauni lake la karamu likichukua matope. Alimkuta Lyle nyuma ya banda la makaa ya mawe, amekaa juu ya sanduku, kitambaa cha kinyozi amekikunja vizuri magotini. Shavu moja lilikuwa laini, jingine lina vinyweleo na povu lililokauka.

"Nilijua atakayekuja ni wewe," akasema.

"Treni saa ngapi?"

"Sasa hivi." Akatoa tiketi mfukoni, akamwonyesha, akairudisha. "Omaha. Baada ya hapo sijui. Niliinunua Jumatano."

"Kwa hiyo hukuibwa."

"Nimeibwa kihalali kabisa! Mji mzima umeona." Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Hulda, nisingeweza kutoka kwa mlango wa mbele. Ningefika kwenye ngazi mama angeniuliza nakwenda wapi, nami ningerudi ndani kula chakula. Unanijua. Mimi ni mtu wa kuwafurahisha watu."

Kwa mbali treni ikapiga filimbi.

"Nifanyie jambo moja," Lyle akasema. "Waambie hukuniona. Mpaka kesho tu, niwe nimefika mbali."

"Na Fritz?"

"Fritz atagombezwa kidogo, yataisha. Wiki ijayo watacheka."

"Wanakutafuta kisimani, Lyle."

Akakikunjua kile kitambaa, akakikunja tena. "Sikuwaza kisima," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Treni ikaingia, ikaitikisa ardhi, ikajaza moshi mahali pote. Lyle akasimama. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya behewa alipogeuka, macho yakimwaka kwa namna ambayo Hulda hakuwahi kuiona hata siku ya ushindi wa mpira.

"Njoo na wewe. Kweli, nakwambia, njoo! Unafikiri sijakuona? Wewe ndiye unayetaka kuondoka kuliko mimi."

Hulda akapiga hatua. Aliipiga kweli, baadaye hakuwahi kujidanganya juu ya jambo hilo. Mkono wake uligusa chuma cha behewa, nacho kilikuwa cha moto kwa jua. Aliuona mkate uliobaki haujaokwa, akamwona Tollef akirudi toka zizini na kukuta jiko limezimika. Kisha akamwona baba yake, mzee Brandvold mwenye mgongo mbovu, ameinama juu ya kisima akiita jina lake.

Akaondoa mkono.

"Siendi hivi," akasema. "Na nitawaambia nimekuona. Nitawaambia umepanda kwa miguu yako. Ukitaka kuondoka, Lyle, ondoka kama mtu aliyeondoka, si kama mtu aliyezama."

"Baba atapeleka telegramu. Watanishusha njiani, Council Bluffs, kama mwizi!"

"Labda. Hilo ni lako na baba yako. Fritz hahusiki."

Behewa likaanza kusogea. Lyle alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikayeyuka, akamrushia kile kitambaa. "Mrudishie Sprague," akasema. Treni ikaondoka naye. Hulda alibaki amesimama mpaka moshi ukaisha, kisha akageuka kurudi kiwandani.

Fritz aliposikia, aliketi kwenye nyasi palepale na kufunika uso. Edwin naye alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Hata hakuniaga," akasema.

Walipofika mjini, jua likiwa bado juu ya mapaa, umati ulikuwa umekusanyika mlangoni pa ukumbi. Habari za kwamba mwenyekiti kapotea zilikuwa zimewatangulia. Mmoja wa wenzake Fritz alikuwa amekimbia na farasi kumwita sherifu, mkuu wa polisi, Hulda akiwa bado stesheni. Bwana August Ostrander, mtu mnene, mpole siku zote, alimrukia Fritz alipokuwa bado hajashuka garini na kumshika ukosi.

"Mmemtupa wapi mwanangu? Sema!"

"Bwana Ostrander," Hulda akasema. "Mwachie. Lyle amepanda treni ya magharibi. Nimemwona mimi."

Mama Ostrander, aliyekuwa amebeba bakuli la saladi ya viazi, aliliweka chini barabarani, polepole, kana kwamba barabara ni meza.

"Unawakingia kifua hawa wahuni," Bwana Ostrander akasema.

"Ana tiketi ya Omaha. Aliinunua Jumatano. Ukitaka maneno yake mwenyewe, alisema asingeweza kutoka kwa mlango wa mbele."

Hulda aliona maneno yakimfikia yule mzee. Mkono ulimwachia Fritz. Kisha Bwana Ostrander akageuka, akaanza kutembea kwa haraka kuelekea stesheni ya Tarkett, mahali ilipo mashine ya telegramu, na umati ukafunguka kumpisha. Alikuwa amefika pembeni mwa benki mke wake alipomwita. Hakuita kwa nguvu.

"August. Mwache."

Akasimama. Mgongo wake ulikuwa mpana, na watu wote waliutazama. Alisimama pale kwa muda ambao ulimtosha sherifu kujikohoza mara kadhaa. Kisha akashika njia ya nyumbani, si ya stesheni. Mama Ostrander akaliokota bakuli, akampa Irma, akamfuata mumewe.

"Ungeweza kunyamaza," Irma akamnong'oneza Hulda, macho yamejaa machozi. Irma alikuwa akimpenda Lyle tangu darasa la kwanza na kila mtu alijua, isipokuwa Lyle. "Siku moja tu. Angefika mbali, na mama yake asingeaibika mbele ya mji mzima."

Hulda akalipokea bakuli la saladi kutoka kwake, akalipeleka ndani.

Karamu ililiwa, maana chakula kilikuwa kimeshapikwa. Mwalimu mkuu alisimama akatangaza kwamba mchezo wa kuiba wenyeviti umekufa leo na hautafufuka yeye akiwa hai. Hulda aliketi kwenye kiti cha Lyle, na hakuna aliyempigia makofi. Nyama iliondolewa. Aiskrimu ikaletwa, na kila mtu akaitazama ikilegea kwenye sahani. Fritz na wenzake walikuwa wamesimama nje ya mlango, hawajui waende wapi.

Hulda akasimama. "Kwa sheria, hii ni yenu," akawaambia. "Sahani za nyama zimeondoka na mwenyekiti hayupo. Ingieni muile kabla haijawa maziwa."

Hakuna aliyesogea, mpaka Edwin alipovuta benchi na kujibana pembeni ili pawe na nafasi. Wakaingia. Wakala wote pamoja, wa tatu na wa mwisho, kimya kama watu wa msibani, kisha kijana mmoja akasema hajawahi kuona mtu akitoroka na nusu ya ndevu, na Irma ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, huku analia.

Lyle hakushushwa popote. Kabla wiki moja haijapita mama yake alipata habari zake kutoka Omaha, kwamba mzima na ameajiriwa na kikosi cha kutengeneza reli. Krismasi ya mwaka uliofuata alikuja, na masharubu, akakaa siku chache, akamsaidia baba yake kuhesabu misumari, akaondoka tena. Safari hiyo baba yake alimsindikiza stesheni. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye.

Siku ya mahafali, mzee Brandvold alikuja na gari la shamba kumchukua binti yake. Alimsikiliza akitoa hotuba ya Kilatini badala ya Lyle, kofia magotini; hakuelewa neno hata moja, lakini alipiga makofi kuliko watu wote. Kisha wakapakia sanduku na kuanza safari. Hulda alivumilia mpaka mji ulipopotea nyuma yao. Akavumilia tena kidogo. Alikuwa ameshika ubao wa kiti kwa mikono miwili.

"Baba, mwezi wa tisa nitakwenda Cedar Falls. Kusoma ualimu. Sitaki kutoroka, nataka nikuage. Nakuaga kuanzia sasa."

Walipita shamba la jirani, wakapita daraja. Kisha baba yake akamsimamisha farasi, akashuka, akazikagua hatamu ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Alipopanda tena pumzi zilikuwa zikimtoka kwa nguvu, sababu ya ule mgongo.

"Mama yako alisema utakuja kuniambia hivi," akasema. "Mimi nilisema hapana." Akawasha kiko, kikakataa kushika. "Tollef umwambie mwenyewe. Sitakuwa mimi wa kumpa habari kwamba ng'ombe wote ni wake."

Tollef walimkuta uani, ndoo mbili mkononi, buti zimejaa samadi. Hulda alishuka kabla gari halijasimama, akamwambia palepale, kwa mkupuo, bila kupumua.

Tollef alizitua ndoo. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na Hulda alilazimika kusubiri, jambo ambalo lilikuwa likimshinda mwaka mzima.

"Mwezi wa tisa?" akauliza.

"Mwezi wa tisa."

"Basi kabadili hilo gauni," Tollef akasema, akamsukumia ndoo moja kwa mguu. "Una miezi yote hii ya joto kunifundisha kumkamua yule mwekundu. Mimi ananipiga mateke."